Mapovu ya Upande wa Geti

Kabula mwanangu,

Sasa hivi umetoka hapa mbio, gauni limelowa mpaka kiunoni, umeniachia karai la maji ya vyombo katikati ya uwanja na mpira wa baiskeli ya baba yako unaelea ndani kama utumbo wa mbuzi. Umeukata mpira mzima! Baiskeli ile ile ya kukubebea sanduku kesho asubuhi mpaka stendi. Baba yako amepita akauliza, "Nani amechukua mpira wangu wa mbele?" Nikamwambia, "Labda panya." Akaangalia karai, akaangalia njia uliyopita, akasema, "Huyo panya ndiye aliyefaulu kwenda shule ya ufundi," akaenda zake kwa jirani kutafuta mwingine. Usidhani hakukasirika. Alikasirika, ila midomo ilikuwa inamcheza.

Na mimi nina hasira, lakini si ya mpira. Nina hasira kwa ajili ya swali uliloniachia.

Umetoboa matundu kwa mwiba, umefunga mwisho mmoja kwa uzi, mwingine umechomeka pampu. "Mama, angalia." Ukapiga pampu. Mapovu yakatoka kwa fujo karibu na mkono wako, na kule mwisho kimya, makombo ya ugali yamelala chini hayana habari. Ukainua ule mwisho kwa jiwe, mapovu yote yakahamia huko. "Hewa ni mvivu, mama, inatokea pale penye njia rahisi." Halafu ukaulaza mpira sawasawa, ukaziba baadhi ya matundu ya mwanzo kwa sabuni ya mche, ukapiga tena. Karai zima likachemka. Makombo yakaanza kuzunguka. Ukanitazama umekunja uso, ukasema, "Sasa kama mimi na mpira wa baiskeli naweza, wao pale kiwandani wameshindwa nini?"

Ukasema unakwenda kumuaga shangazi yako Holo, ukaondoka.

Hawakushindwa, Kabula. Hilo ndilo jibu, na ndilo linalonichoma. Nimechukua kalamu niandike kabla jua halijazama na kabla meneja wa kiwanda hajaja kuchukua jibu lake. Barua hii nitaiweka kwenye sanduku lako juu ya shuka, utaikuta usiku huu ukifunga sanduku, uende nayo huko shuleni.

Sitakuandikia habari za kufua na kuchana nywele na kutoazimana vitu bwenini. Hayo utayajua kwa kukosea, kama nilivyoyajua mimi. Nataka nikueleze habari ya lile tangi nyuma ya kiwanda, tangu mwanzo wake, kwa sababu wewe umekua ukalikuta linanuka, ukadhani lilizaliwa hivyo.

Ulikuwa unatambaa waliposema biashara ya pamba sasa ni huria. Kabla ya hapo ni ushirika tu, na sitakudanganya kwamba ilikuwa peponi. Tulilala chumba kimoja na pamba tukingoja gari la chama mpaka panya wakazalia humo. Basi yakaja makampuni, na moja likajenga hapa Kasoli, kwanza kinu cha kuchambua pamba, baadaye cha kukamua mafuta ya mbegu. Tulifurahi, nisikufiche. Nilikuwa na darasa la saba langu na mtoto mgongoni, mwenyewe bado natamani kucheza rede na wenzangu. Nikaandikwa kibarua pamoja na shangazi yako. Nikajiona mtu.

Mafuta ya mbegu za pamba yakitoka kinuni ni meusi. Wanayaosha kwa dawa kali mpaka yang'ae, na yale maji ya kuoshea yanatoka yanateleza, yana povu, yana harufu ya kitu kilichokufa. Mwanzo waliyaachia kwenye mtaro tu. Mtaro unaingia mtoni, na mto wetu unaujua, miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, na sisi tunafukua mchanga huo huo tupate maji ya kunywa. Wanawake tukapiga kelele. Wakaja watu wa maji kutoka mkoani, wakaiambia kampuni jengeni tangi, yasafisheni kwanza ndipo myaachie.

Ndipo akaletwa yule kijana, injinia. Jina lake tulilisahau siku ile ile, tukamwita Miwani. Alishuka ndani ya tangi likiwa tupu, zege bado jipya, na chaki mfukoni kama mwalimu. Mimi na Holo tulikuwa tunafagia changarawe. Akapiga magoti akaanza kuchora viduara chini, vingi, vimebanana upande yanakoingia maji machafu, halafu vikiachiana kidogo kidogo kuelekea yanakotokea.

Holo, unamjua mdomo wake, akamuuliza, "Baba, unawatandikia nani vitanda?"

"Wadudu," akasema Miwani.

"Wadudu gani tena?"

Akatueleza bila madharau, hilo namsifu nalo mpaka leo. Akasema ndani ya maji haya tutafuga vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, kazi yao kula uchafu. Lakini vinapumua kama sisi. Kila kiduara hapa kitawekwa kisahani cha mpira chenye vitundu kama vya sindano, mashine itapuliza upepo kwenye mabomba, upepo utatokea kwenye visahani, na vidudu vitapata pumzi. Pale uchafu unapoingia ukiwa mwingi ndipo vinapokula sana, kwa hiyo visahani vibanane. Mbele zaidi chakula kimepungua, visahani vipungue. Na isiachwe kona hata moja isiyofika mapovu, kwa sababu uchafu ukituama kwenye kona utaoza, na ukioza utaua vidudu vya jirani.

"Kwa hiyo wanafugwa kabisa," akasema Holo. "Na mchungaji wao nani?"

"Mchungaji ndiye mimi."

"Mwembamba hivyo? Fisi watakuachia kitu?"

Tulicheka mpaka msimamizi akachungulia kutoka juu. Miwani akanipa mimi nishike ncha ya mpira wa kuonea maji, ule wa mafundi wa kupimia usawa, yeye kashika ncha nyingine, tukazunguka tangi zima. "Shika hapo kwenye alama, mama, usitikisike. Kisahani kimoja kikipanda juu ya wenzake hata unene wa kidole, kitawanyang'anya hewa." Nikamuuliza kama hewa nayo ina tamaa. Akasema, "Ina tamaa kuliko mnunuzi wa pamba." Siku ile nilirudi nyumbani nikakwambia wewe, ukiwa unaanza shule, kwamba leo mama amepima hewa. Labda ndiko ulikoanzia wazimu wako huu, sijui.

Kesho yake akaja meneja. Alisimama juu pale karibu na geti la nyuma, palipo na kivuli cha bati, akatazama zile chaki, akauliza swali moja tu.

"Wageni watasimama wapi?"

Miwani hakuelewa. Meneja akamwambia, "Siku ya ufunguzi watakuja wakubwa. Watasimama hapa nilipo. Mimi naona umeweka mapovu mengi kule mbali, mwisho kabisa, nyuma ya ghala. Nani ataenda kule na viatu vyake? Hamishia huku."

"Bosi, uchafu unaingilia kule."

"Hamishia huku. Na hivyo vya kona za nyuma toa, visahani ni vya kuagiza, vinakuja kwa meli."

"Haitafanya kazi, bosi."

Alisema mara moja tu, Kabula, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Meneja akaondoka, na Miwani akachukua tambara akaanza kufuta viduara vyake. Nikamwuliza, "Injinia, mbona umenyamaza?" Akasema, "Mama, mimi nachora tu. Tangi ni lao." Akachora upya, visahani vyote vimejazana upande wa geti kama ng'ombe penye chumvi, na upande wa nyuma zege tupu. Akangoja mafundi wamalize mabomba, akapanda basi. Sijamwona tena.

Kumchukia meneja ni kazi nyepesi, hata mtoto anaiweza. Mimi huyu Miwani ndiye ananinyima usingizi. Alijua! Alijua kila kidole cha lile tangi, alitufundisha sisi vibarua wawili wa kufagia tukaelewa, halafu akafuta kwa mkono wake mwenyewe. Kama asingejua ningemwonea huruma.

Siku ya ufunguzi ikafika. Tuliambiwa wanawake tuvae vizuri tupange mstari. Mashine ikawashwa, na maji ya upande wa geti yakafumka, yakachemka kama chungu cha harusi, meupe, yanarukaruka. Wageni wakapiga makofi. Msimamizi akatufanyia ishara, na sisi tukapiga vigelegele. Mimi pia, mwanangu. Nilipiga kuliko wote, sauti yangu unaijua. Na huku napiga, jicho langu limeona kule nyuma maji yametulia, meusi, yameanza kufanya ngozi juu kama uji uliopoa. Niliona. Nikajiambia labda hewa itafika baadaye, labda wenye shule wanajua zaidi. Mpaka leo nikiwa harusini nikasikia vigelegele, natoka nje. Walituitia mapovu tushangilie, tukashangilia, kwenye maji yetu wenyewe!

Yaliyofuata unayajua, uliyabeba kichwani kwa ndoo. Nyuma ya tangi pakaoza, uozo ukasogea mbele, yale maji yakawa yanaingia mtoni vile vile kama zamani, ila sasa yamepitia kwenye tangi kwa hiyo yanaitwa yamesafishwa. Tukifukua mchanga tunakuta maji yana rangi ya chai na harufu ya mayai viza. Ulipata vipele shingoni, ukajikuna mpaka damu, unakumbuka. Tukaanza kwenda kufukua kule juu zaidi ya kiwanda, kwa mwendo ule ambao nyie watoto mlikuwa mnafika shuleni mmechelewa, mwalimu anawachapa kwa kuchelewa. Kila tulipolalamika, anakuja mtu, anasimama pale kwenye kivuli cha geti, anaona mapovu, anaondoka ameridhika. Hawakunyunyizwa uchawi. Tangi lilichorwa ili mtu aliyesimama pale aridhike!

Na mara moja tulipokwenda ofisini kwake, wanawake wa kitongoji kizima, meneja akatuambia nini? "Hiyo harufu ni ya ng'ombe zenu." Ng'ombe zetu! Ng'ombe waliokuwa wakinywa mto ule kabla babu yake hajajua pamba inavaliwa wapi. Holo akamwambia, "Baba, basi tukuletee ndoo moja ya maji ya ng'ombe, unywe hapa tukuone." Akaita mlinzi. Wiki iliyofuata mimi na Holo tukaambiwa msimu umekwisha kwetu, na wenzetu wakaendelea. Ndivyo kazi yangu ya kiwandani ilivyokwisha. Ulikuwa unaniuliza, nikawa nakwambia mgongo unauma. Mgongo wangu ni mzima.

Sasa sikia la wiki hii. Ulipelekwa Binza kuwaaga wazee, kwa hiyo hukuwepo. Meneja alikuja hapa nyumbani mwenyewe, akaketi kwenye kigoda chetu, akasalimu "Mwadila" ya Kisukuma kwa kulazimisha, akanywa maji. Nilimpa ya kisima cha juu, sikumfanyia ubaya. Akasema, "Nimesikia binti amepata shule ya ufundi. Kampuni inapenda watoto wa hapa. Tutamsomesha mpaka amalize, na chuo juu yake."

Moyo wangu uliruka, nikuambie ukweli. Nilikuona na koti jeupe.

Halafu akaweka kikombe chini. "Mwezi huu watu wa maji wanakuja tena, kutakuwa na mkutano wa kijiji. Mama Kabula, wewe wanawake wanakusikiliza. Sema tu harufu imepungua. Usiseme imekwisha, mimi sikuombi udanganye. Imepungua."

Nikamwambia, "Nipe siku za kufikiri." Akasema atapita leo jioni, ili kesho gari lao likupeleke mpaka stendi na watu wapige picha.

Alipoondoka, baba yako alichorachora chini kwa kijiti. Mwisho akasema, "Mama Kabula, muhula huu tumeumudu kwa pamba. Mwaka ujao je?"

"Mwaka ujao utakuja na yake."

"Utakuja na njaa yake. Pamba nayo unaijua, mwaka huu bei imepanda, mwaka ujao wanakaa pamoja wanaishusha. Mtoto akirudishwa nyumbani katikati, utamwambia nini?"

Usimwone baba yako mwoga. Alikuwa anasema kweli. Baba yako anaogopa jambo moja tu duniani, kukuona umekaa hapa uwanjani unapeta mtama huku wenzako wako darasani, na akipigwa na hofu ya namna hiyo, Kabula, mwanamume anaweza kula hata chakula cha adui yake. Nilimwambia, "Sema wewe basi. Simama mbele ya wanawake wenzangu uniambie nitamke vipi neno hilo, imepungua." Akaniambia, "Wewe ndiye mwenye sauti." Akaenda kumwagia mbuzi maji.

Tangu siku hiyo nimelala nikiliwaza. Nilijaribu hata kulitamka peke yangu, nikiwa nafukua mchanga. Harufu imepungua. Lilitoka, Kabula! Ni neno dogo, halina hata mwiba, linapita kooni kama uji. Na hapo nikamwelewa Miwani. Hata yeye hakuambiwa adanganye. Aliambiwa asogeze viduara kidogo tu, vihame kutoka kwenye uchafu viende kwa wageni.

Kwa hiyo leo nitamwambia meneja hapana. Nimekwisha amua, na baba yako nimemwambia asubuhi ulipokuwa unapiga pasi sare. Alitikisa kichwa, halafu akasema, "Basi tutalima na lile eneo la mbugani." Ndiyo yake hiyo, unaijua.

Nakueleza haya ili siku ukikosa kitu huko, ukaona mwenzako ana viatu vipya na wewe unatia gundi vyako, ujue kulikuwa na mlango na mama yako ndiye aliyeufunga. Unikasirikie ukitaka. Una haki. Ila ujue na kilichokuwa nyuma ya mlango.

Na jambo jingine, usije ukabeba hasira yangu kama mzigo wako. Sikutumi urudi kulitengeneza tangi lao. Ukitaka kusomea redio, somea redio. Ukitaka kuchora nyumba, chora. Lakini nimekuona leo na lile karai, nimeona ulivyokuwa unayafuata yale makombo ya ugali kwa macho mpaka la mwisho liliponyanyuka, na najua utaishia na chaki mkononi. Siku moja utakuwa umepiga magoti ndani ya tangi tupu mahali fulani, umechora viduara vyako vizuri, na mtu atasimama juu yako kwenye kivuli akuulize wageni watasimama wapi. Sijui utamjibu nini. Mimi sina shule ya kukuambia maneno yake. Labda atakutisha na kazi, labda atakuja na maziwa na asali, labda utakuwa na mtoto wako nyumbani anataka ada. Sitasema ni rahisi. Nimelala nalo wiki nzima na mimi ni mkulima tu, sina cha kunyang'anywa isipokuwa wewe.

Lakini uwatazame wanaofagia. Siku zote kuna wanawake wawili wanafagia hapo ndani. Waulize wanachota maji wapi.

Wanawake tumekubaliana kwamba safari hii watu wa maji wakija hatutawaacha wasimame getini. Holo amesema atamshika mkubwa wao mkono kama bwana harusi amzungushe mpaka nyuma ya ghala. Nami nitachukua ndoo ya maji ya mchangani niiweke mezani. Nina matumaini, mwanangu, usidhani barua hii ni ya kilio. Safari hii sitanyamaza, na sauti unaijua. Na nimechukua na huu mpira wako uliotobolewa, nitauonyesha kwenye karai mbele ya mkutano, kama baba yako hataupata kwanza.

Nasikia gari. Linakuja taratibu kwa sababu ya mashimo, nitaongeza mawili matatu. Wewe ni mtoto niliyekuzaa kabla sijamaliza kuwa mtoto, tumekua pamoja mimi na wewe, nyimbo nyingine tumejifunza siku moja. Kesho nyumba itakuwa kubwa mno. Usiniandikie barua za heshima za "natumaini hujambo", niandikie ulichokiona. Niandikie makosa.

Baba yako ananiita. "Mama Kabula! Wageni!" Naja.

Huko shuleni wakikuuliza nani anakusomesha, usiinamishe kichwa. Na kesho ukiwa dirishani kwenye basi, usinitazame usoni, maana sijui uso utanifanyia nini mbele za watu. Tazama mikono yangu. Ameita tena, anasema meneja hataki kuketi, anataka neno langu tu. Naja, baba Kabula! Tazama mikono, mwanangu, kwa sababu hii ndiyo itakayokusomesha.